Meno ya Keshokutwa

Mgeni aliingia karakanani bila hodi, shavu moja limevimba kama la mtu aliyeficha limau mdomoni. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akaegemeza kichwa nyuma, akafumba macho, akapanua kinywa.

Digrii alikuwa kwenye meza yake ya pembeni akichora. Mjomba wake alikuwa akipiga msasa kipande cha mbao. Wote wawili waliacha walichokuwa wakifanya, wakakitazama kinywa kile. Kilikuwa kinywa cha kawaida, isipokuwa jino moja la nyuma ambalo hata mtu asiye na utaalamu angesema limekwisha.

"Karibu," akasema Mjomba, kwa kuwa hakupata neno lingine.

"Aaah," akajibu mgeni, akielekeza kidole ndani.

"Tunaliona, ndugu yangu. Pole sana. Sasa sisi tukusaidie nini?"

Mgeni akafumbua jicho moja. Akaona misumeno imening'inia ukutani, kuanzia mkubwa hadi mdogo. Akaona keekee ya kutobolea mbao mezani. Akaona vumbi la mbao kwenye ndevu za Mjomba. Kinywa kikafungwa polepole.

"Daktari yuko wapi?"

"Daktari gani?"

"Wa meno."

"Daktari wa meno yuko jengo lile linalofuata, ghorofani, juu ya duka la mapazia. Hapa tunachonga herufi. Mabango ya maduka, ya ofisi, kama hivyo."

"Na yale meno ya nje?"

Mjomba na Digrii wakatazamana.

"Meno yale," akasema mgeni, akionyesha mlangoni. "Meupe, makubwa, na ufizi mwekundu. Nani anatundika meno barabarani kama hatibu meno?"

Mjomba akakohoa. Hakuwa na kikohozi. Akajitia kutafuta penseli yake, ambayo ilikuwa nyuma ya sikio lake.

Kule nje hakukuwa na meno. Kulikuwa na bango lililoandikwa KARAKANA YA HERUFI, na herufi zile zilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya Digrii maishani. Kusema kweli, alikuwa hajafanya nyingine.

Digrii halikuwa jina lake. Jina lake halisi lilibaki kwenye vyeti. Siku aliyohitimu, mama yake alianza kumwita Digrii kwa fahari, kaka yake akalidaka kwa kejeli, na baada ya muda hata wao wenyewe hawakujua tena nani anasifu na nani anacheka. Alisomea usanifu wa michoro. Wenzake walitoka chuoni wakatafuta kazi. Yeye alitoka na fonti.

Fonti yenyewe, yaani mtindo wake mwenyewe wa herufi, aliipa jina la Keshokutwa. Ilianzia kwenye redio ya marehemu babu yake, ile yenye herufi nene za mviringo kwenye kioo cha mbele, na ikakua alipoanza kukusanya majarida ya zamani yaliyochora maisha ya baadaye: miji iliyofunikwa kwa vioo, magari yanayopaa, akina mama waliovaa mavazi ya rangi ya fedha wakimwagilia maua mwezini. Ile kesho ambayo watu wa zamani waliahidiana ilimgusa moyo, kwa sababu haikufika na hakuna aliyeomba radhi. Digrii aliamini, kwa dhati kabisa, kwamba haikufika kwa sababu haikuandikwa kwa herufi zinazoistahili.

Basi akaitengenezea. Kila herufi ilizaliwa na mraba na duara, nene, nzito, bila mkia wala madoido. Palipohitajika nafasi ndani ya herufi, aliacha ufa mwembamba kama unywele. Na A, malkia wa fonti yote, hakuipa hata ufa. Ilikuwa mraba uliovikwa nusu duara kichwani, umejaa ndi, kama mlango wa chombo cha kwenda mwezini uliokwisha fungwa tayari kwa safari. Katika tasnifu yake aliandika kurasa kadhaa juu ya A ile pekee. Alisema tundu la A ni woga wa karne iliyopita. Msimamizi wake alipigia mstari sentensi ile, na Digrii akatembea juma zima kama mtu aliyebeba yai kichwani.

Jambo ambalo tasnifu haikulisema ni kwamba lugha yetu inaipenda A kupita kiasi. Sampuli zote za chuoni alizifanya kwa maneno ya kigeni aliyoyakuta vitabuni, yenye A moja hapa na nyingine kule, kama zabibu kwenye mkate. Ukiandika KARAKANA YA, zabibu zenyewe zinakuwa mkate.

Mjomba alizikata herufi kwa mkono kutoka kwenye ubao mnene, kidogo kidogo, kati ya kazi za wateja. Akazipiga msasa mpaka pembe zikalainika, akazipaka nyeupe inayong'aa, akazipigilia zikiwa zimebanana juu ya ubao mwekundu. Wekundu ule Digrii aliuita wa alfajiri. Sasa, mgeni akiwa ameketi pale na shavu lake, aliuona kwa mara ya kwanza jinsi ulivyo.

"Samahani, kaka," akasema. "Hivi kweli hukuona kwamba ni maandishi?"

"Maandishi?" Mgeni akamtazama Mjomba, kama anayetafuta mtu mzima wa kuzungumza naye. "Binti, mimi ni fundi wa friji. Nasoma vijitabu vya friji vilivyochapwa vibaya kuliko kitu chochote duniani. Kusoma si shida yangu. Shida ni mke wangu."

"Amefanya nini?"

"Anajifunza kusoma." Akashika shavu, akangoja maumivu yapite. "Darasa la watu wazima, pale shuleni mwisho wa barabara. Ameanza juzijuzi tu, lakini kutembea naye sasa ni kazi. Kila bango anasimama. Anasoma yote, hata lile la ukutani la 'usikojoe hapa'. Hasa hilo. Tukienda sokoni, tunafika watu wanafunga."

Mjomba akacheka. Digrii hakucheka, kwa sababu alikuwa ameanza kuona hadithi inakoelekea.

"Basi wiki iliyopita tukapita hapa. Akasimama. Akakunja uso, akaanza upya. Mimi namsubiri. Mwisho akaniambia, 'Baba watoto, hizi zimenishinda. Nami nilidhani nimejua.' Njia nzima hakusoma tena. Tukapita duka la dawa, kimya. Tukapita lile la usikojoe, kimya. Nikaona huyu ataacha darasa. Na mimi, nisikufiche, nilijaribu nikashindwa vilevile. Ndipo nikamwambia, 'Mama watoto, yale si maandishi. Ni meno. Pale ni kwa daktari wa meno.' Akafurahi sana. Na mimi kwa kulisema nikaliamini. Leo jino lilipoanza, miguu ikanileta hapa yenyewe."

Kwenye ukurasa wa kwanza wa tasnifu ya Digrii kulikuwa na maneno haya, yamesimama peke yao katikati ya weupe: *Kwa wote wanaosoma barabarani.* Aliyakumbuka sasa, na masikio yakamchoma.

"Mwambie si kosa lake," akasema. "Mwambie yalikuwa maandishi, na kosa ni la aliyeandika. Mtapita tena lini?"

"Huyu daktari wako nasikia hang'oi siku hiyohiyo. Atanipa dawa, nirudi Jumamosi."

"Njoo naye Jumamosi. Atalisoma. Bango hilihili, bila kuambiwa na mtu. Nakuahidi."

Fundi Friji akamtazama kwa jicho la huruma, ambalo mtu mwenye jino bovu hamtupii mtu hovyo. "Limeandikwa... hapana, usiniambie. Mimi nyumbani siwezi kuficha kitu."

Akainuka, akaomba radhi kwa kiti, akaondoka akiwa ameshika shavu kwa mikono yote miwili.

Mjomba akampa nafasi afike mbali. Kisha akaokota kipande chake cha mbao. "Jumamosi," akasema.

"Jumamosi."

"Jumamosi hii wanayokuja watu wako?"

Digrii akaketi. Tangu mwezi uanze hakuwa na wazo lingine kichwani ila hilo, na kwa dakika chache tu lilikuwa limemtoka. Mwalimu wake wa chuo alikuwa amelipendekeza bango kwenye maonyesho makubwa ya herufi mpya. Jumamosi asubuhi angekuja na wasimamizi wa maonyesho kuliona likiwa mahali pake, barabarani. Likichaguliwa, lingetundikwa ukutani chini ya taa yake peke yake, na kando yake kadi yenye jina halisi la Digrii. Mama alikuwa ameshanunua gauni. Na Mwalimu alikuwa amemwambia kwa simu, kwa sauti ya mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto mchanga: "Usiguse kitu. Hasa zile A."

"Mjomba," akasema Digrii, "kwani ni kweli hazisomeki?"

"Nani amesema hazisomeki? Mimi nazisoma."

"Soma."

"Karakana ya herufi," akasema Mjomba, bila hata kugeuka kuelekea nje.

Jioni ile nyumbani, baada ya chakula, Digrii alichukua kadi nyeupe na kalamu nene, akaandika neno jipya kwa Keshokutwa, akaliweka mbele ya mama yake.

"Mama, nisomee hili."

Mama akavaa miwani. Akaishika kadi kwa heshima, kama alivyozishika kazi zote za bintiye tangu akiwa anachora jua lenye miguu. "Karakana," akasema kwa uhakika.

"Hapana, Mama."

"Ya herufi."

"Ni neno lingine. Moja tu."

Mama akaisogeza kadi mbali, akaisogeza karibu. Jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo. Kaka akainama begani kwake. "Ni ngazi," akasema. "Ngazi imelazwa. Au ni treni."

"Nyamaza wewe, mwenzio ana digrii." Mama akajaribu tena, midomo ikicheza. Mwisho akaiweka kadi mezani taratibu. "Ni nzuri sana, mwanangu. Sijui imeandikwa nini, lakini ni nzuri sana."

"Imeandikwa MAMA," akasema Digrii.

Kaka alitoka nje akacheke huko, na huo ulikuwa wema mkubwa kuliko wote aliowahi kumfanyia dada yake.

Hivyo ndivyo Digrii alivyogundua kilichokuwa kimetokea miaka yote ile. Hakuna mtu aliyewahi kuisoma Keshokutwa. Kila alipowaonyesha kitu aliwaambia kwanza kimeandikwa nini, kwa furaha, kabla hajakitoa mkobani, nao wakatikisa kichwa kukubali. Mama, kaka, Mjomba, marafiki wa chuo, wote walimvika kilemba cha ukoka kwa upendo kabisa, na yeye akakivaa, akajitazama kwenye kioo, akaona kinampendeza.

Akajipa moyo kwamba angalau yeye mwenyewe anaisoma. Akaingia chumbani, akafungua droo. Mlikuwa na kopo alilolibandika karatasi zamani, ameandika kwa Keshokutwa ili asisahau kilichomo. Akaisoma karatasi. Akaisoma tena. Akaligeuza kopo kwenye mwanga. Mwisho akalifungua.

Kalamu.

Kesho yake asubuhi alimkuta Mjomba karakanani ameshachemsha chai. Akamweleza yote, pamoja na kopo. Mjomba alisikiliza akipuliza kikombe.

"Na wewe, Mjomba? Niambie bila kunipaka mafuta."

"Mimi nilijua limeandikwa karakana kwa sababu karakana ni yangu."

"Mbona hukusema?"

"Wewe umetoka chuoni. Nikafikiri labda kusoma kwenyewe kumebadilika." Akanywa. "Halafu ulikuwa na furaha sana, mama. Nani angekuwa na roho hiyo?"

"Nataka kutoboa zile A."

Mjomba akaweka kikombe chini. Alizitazama zile A kupitia mlangoni, kutoka upande wa nyuma, ambako hakukuwa na kitu ila misumari. "Zile A," akasema, "nimezipiga msasa mpaka ningeweza kunyolea ndevu nikijitazama ndani yake."

"Najua."

"Tutundike kibao kingine. Nakuandikia kwa brashi leo hii, herufi za kawaida, mtoto wa chekechea asome. Jumamosi yule mama akipita, anakikuta. Wakubwa zako wakifika, tunakishusha, wanakuta meno yao. Kila mtu anarudi kwake ameridhika."

Lilikuwa wazo zuri. Digrii alilipenda moyoni kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukubali baadaye. Akaliona likitendeka: kibao kinapanda, kibao kinashuka, kadi yenye jina lake, gauni la Mama. Kisha akaliona lile lililofuata.

"Anapita hapa kila siku ya darasa, Mjomba. Jumatatu atakuta meno tena."

"Basi tutoboe Jumatatu asubuhi. Jumamosi wapite wakubwa."

"Nilimwambia Jumamosi."

"Alikuwa na maumivu. Mtu wa jino hakumbuki kitu."

"Mkewe haumwi jino."

Mjomba akamtazama mpwa wake, mfupi, mwembamba, kidevu juu, vumbi kwenye nyusi. Alikijua kidevu kile. Ni kilekile alichokiinua akiwa mdogo, siku alipokataa kula kuku kwa sababu alikuwa amempa jina. Akatoa penseli nyuma ya sikio, safari hii bila kuitafuta, akampa.

"Pima katikati," akasema.

Walilishusha bango Ijumaa mchana, wakalilaza juu ya meza. Digrii aliomba atoboe mwenyewe. Alitegemea kulia. Alikuwa hata ameandaa maneno machache ya kuiambia A ya kwanza, maneno mazito kuhusu kujitoa na nuru, lakini keekee ilipozama tu, unga wa mbao ukampanda puani, akapiga chafya mfululizo mpaka hotuba ikapotea. A ya kwanza ikatoboka kombo kidogo. Ya pili ikapasuka ukingoni, rangi nyeupe ikabanduka kama ganda la yai. Mjomba alikuwa amesimama nyuma akisema "taratibu" kila baada ya muda, kwa sauti ya mtu anayetazama mwanawe akinyolewa na mgeni. Walipomaliza A, wakashika msumeno mwembamba wakapanua nyufa za R na K na H, kisha wakazing'oa herufi zote na kuzipigilia upya, zikiwa zimeachana.

Digrii akarudi nyuma atazame. Matundu yalikuwa ya duara, na kupitia kwayo wekundu ulionekana. Ajabu ni kwamba A sasa ilifanana na chombo cha anga kuliko zamani. Ilikuwa na dirisha. Chombo kisicho na dirisha, akajiambia, abiria wake wangeonaje kwamba wamefika? Alishangaa kwamba swali hili halikumjia katika kurasa zote zile za tasnifu.

Lakini je, lilisomeka? Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Aliyaona maneno KARAKANA YA HERUFI wazi kabisa, na hilo halikuthibitisha lolote, kwa sababu jana aliyaona wazi vilevile. Mjomba hafai. Mama hafai. Kila mtu wa barabara ile alishaambiwa. Kulikuwa na msomaji mmoja tu wa kumwamini, na huyo angekuja kesho.

Wageni wa maonyesho walifika asubuhi na mapema. Mwalimu alikuwa amevaa nyeusi tangu kofia hadi viatu. Pamoja naye walikuja mama mmoja mwenye uso mpole, msimamizi mkuu wa maonyesho, na kijana wa kupiga picha. Mama yake Digrii alikuwa amesimama mlangoni ndani ya gauni jipya, mikono ameikunja mbele kama yuko kanisani au harusini, hajui ni ipi.

Mwalimu alitazama juu.

"Umetoboa," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sasa linasomeka." Alilisema kama daktari anayetoa majibu mabaya.

"Sina hakika bado," akasema Digrii. "Naomba iwe hivyo."

Mpiga picha alikuwa ameshainua kamera. Akaishusha tena bila kupiga.

"Unajua kilichotuvutia?" akauliza Msimamizi, kwa upole. "Tulitaka kitu kinachomsimamisha mpita njia. Kinachokataa kupitwa tu."

"Lile lilimsimamisha, mama. Ndiyo iliyokuwa shida."

Msimamizi akatabasamu kidogo. Akasogea, akagusa ukingo wa A iliyopasuka kwa ncha ya kidole. "Haya matundu hayazibiki? Nasema tu. Tuna kazi nyingine mjini, tungeweza kurudi mchana. Nafasi yako ukutani tumeshaipima."

Mjomba, ambaye hakuwa ameulizwa, akasema haraka, "Yanazibika." Kumbe alikuwa ameficha vile vidonge vya mbao vilivyotoka kwenye matundu, amevifuta vumbi, amevipanga ndani ya kikombe, pamoja na gundi na rangi nyeupe. "Kwa saa chache tu. Yakikauka, hata mimi sitajua."

Wote wakamgeukia Digrii. Mama yake hakusema neno, ila gauni lilisema. Digrii alitazama kile kikombe na vidonge vyake vidogo vya duara. Nafasi ukutani imeshapimwa. Hakujua kwamba mtu anaweza kutamani kiasi hicho upana wa ukuta.

"Kuna mtu anapita leo," akasema.

"Mtu gani?" akauliza Mwalimu. "Mkosoaji?"

"Mke wa fundi wa friji."

"Anaitwa nani?"

"Simjui."

Mwalimu akavua kofia, akaivaa tena. Msimamizi akamshika Digrii mkono, akamwambia wataonana siku nyingine, kwa sauti ambayo watu huitumia wanapojua hawataonana. Gari lao likaondoka. Kaka, aliyekuwa amejificha nyuma ya mbao muda wote, akatoka, akatazama barabara, akatazama dada yake.

"Digrii," akasema, "kama huyo mama asipokuja, nitakuita Diploma."

Asubuhi ikaisha. Fundi Friji na mkewe hawakuonekana. Mama alikaa kwenye kiti cha wateja, viatu amevua. Mjomba alijifanya anafanya kazi. Kile kikombe cha vidonge kilibaki mezani, na hakuna aliyekigusa wala kukitazama. Digrii alisimama mlangoni akajiambia kwamba mtu mwenye jino hakumbuki kitu, kwamba Mjomba alisema kweli, kwamba yeye ni mjinga wa kusomeshwa, aliyeuza ukuta mzima kwa ajili ya mtu ambaye huenda ameamua kupita njia nyingine.

Ndipo akasikia sauti, mbali kidogo, upande wa duka la mapazia, ikisoma tangazo la ukutani.

"Ti. Ba. Ti-ba. Tiba ya... ki. Ki-ko..."

"Mama watoto, dunia inatusubiri," ikasema sauti nyingine, nzito, kama ya mtu aliyetafuna pamba. Na kweli alikuwa na pamba mdomoni, jino limeshatoka.

"Niache nimalize. Ki-ko-ho-zi."

Walichelewa kwa sababu mke alikuwa akisoma njia nzima. Alikuwa mwanamke mnene kidogo, daftari kwapani, macho juu. Fundi Friji alipofika mbele ya karakana alimwona Digrii, akainua mkono, kisha akajiziba mdomo mwenyewe kuonyesha kwamba hakusema kitu.

Mke wake akasimama. Akaliona bango. Uso ukabadilika, na Digrii akajua kwamba amelikumbuka.

"Ni lile," akasema taratibu.

Mama akawa amefika mlangoni bila viatu. Digrii alijikuta midomo yake inachora K hewani, na Mjomba akamkanyaga mguu.

Mwanamke akaweka daftari chini ya kidevu, akainua kidole, akakielekeza juu. Kidole kilibaki pale muda mrefu. Kilisogea, kikarudi. Pembeni, mumewe alifumba macho kama siku ile kwenye kiti.

"Ka," akasema.

Kidole kikasogea.

"Ra. Ka." Akavuta pumzi. "Na. Ka-ra-ka-na." Akaliunganisha neno, akalionja, likamkubali. "Karakana. Ya." Hapo akasita kwenye H, ambayo ufa wake Digrii alikuwa ameupanua kwa wasiwasi, akiuogopa. Mwanamke akainamisha kichwa upande mmoja. "He. Ru. Fi. Karakana ya herufi."

Kisha akamgeukia mumewe.

"Meno," akasema. "Wewe baba watoto. Mdomo gani huu wenye meno yote haya?"

"Nilikuwa nakufariji," akajibu Fundi Friji kupitia pamba.

"Mbona rahisi," akasema mwanamke, sasa akimwangalia Digrii, si kwa kumsifu wala kumshutumu, bali kama mtu anayeeleza hali ya hewa. "Wiki ile nililala vibaya kwa ajili ya hili. Kumbe rahisi hivi."

Hakuna neno ambalo Digrii wa tasnifu angeliogopa zaidi. Aliinama kidogo, akasema, "Asante, dada," na sauti ikamtoka ndogo kuliko alivyotaka. Nyuma yake alimsikia Mjomba akimimina vidonge vya mbao kwenye pipa la taka, kimoja kimoja, kama anayejuta kila kimoja.

Fundi Friji na mkewe wakaendelea na safari. Mama akaingia kuvaa viatu. Digrii akabaki mlangoni, chini ya A zake zenye madirisha, akisikiliza sauti ile ikipungua barabarani: duka la dawa, fotokopi, mpaka ikafika pale ukutani kwenye lile la usikojoe. Hilo alilisoma kwa sauti kubwa kuliko yote, mpaka mwisho, na mtu mmoja aliyekuwa amesimama pale akaondoka haraka akifunga mkanda.